Mluzi wa Jirani

Kiti cha chumba cha nyuma kilikuwa na magurudumu, na hilo ndilo lililokuwa kosa. Mtu asiyetulia hapewi kiti cha magurudumu. Mzee alikaa, akajisukuma hadi dirishani, akajirudisha mezani, akainuka, akaenda kusimama mlangoni na mikono ameikunja kifuani, akairudia kazi yake kwa macho, kisha akaketi tena. Mkewe alikuwa sebuleni, na alikwisha zoea kuyafuata mambo ya chumba kile kwa sauti ya yale magurudumu. Yakienda taratibu, kazi inakwenda. Yakienda mbio, kuna kitu kimemshinda. Wiki hiyo yalikuwa yakienda mbio kuanzia chai ya asubuhi hadi sahani za jioni zinapooshwa.

Kilichomshinda kilikuwa radiogramu: kabati la mbao nyekundu iliyong'arishwa, refu kama sanduku la nguo, limesimama juu ya miguu minne ya kuchongwa. Chini ya kifuniko chake, kulia kulikuwa na redio na kushoto sahani ya kuchezea santuri. Mbele, nyuma ya kitambaa kilichowahi kuwa cha rangi ya dhahabu, ilikuwapo spika moja kubwa. Ilikuwa mali ya marehemu baba mkwe wake. Sasa ilikuwa ya shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, aliyeileta ikiwa bubu kabisa na panya wamefanya makao ndani yake. Jumamosi ya wiki hiyo ndugu wote wa mkewe walikuwa wakutane nyumbani kwa shemeji, mara ya kwanza tangu wamzike baba yao, na shemeji alikwisha watangazia kwamba watazisikia santuri za baba kwenye radiogramu ya baba. Hakusema atajaribu. Aliwaambia imekwisha pona, kwa kuwa aliyeishika ni Sikio.

Sikio ndilo jina alilopewa mzee kazini, nalo likamfuata hadi nyumbani. Alikuwa mtu wa idara ya maji, ila si wa kuchimba wala wa kusoma mita. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Alitembea mitaani na fimbo ya chuma yenye kikombe cha mbao juu yake; ncha aliisimika kwenye bomba au kwenye koki, kikombe akakiweka sikioni, akafumba macho. Bomba linalovuja chini ya ardhi hutoa sauti nyembamba, na pale idarani sauti hiyo waliiita mluzi. Mtu mwingine akiinama pale alisikia magari na mbwa. Yeye alisikia mluzi, akapiga hatua mbele, akarudi kidogo, akachora msalaba wa chaki barabarani. Waliochimba kwenye msalaba walikuta maji. Waliochimba pembeni yake kwa ubishi walikuta mchanga mkavu, na wakachekwa mwezi mzima.

Mluzi ukiwa mgumu, ilikuwapo njia. Unafunga koki moja ya mtaa, unasikiliza. Unafunga inayofuata, unasikiliza tena. Mluzi ukikatika, umeupata: maji yanapotea kati ya koki uliyoifunga sasa hivi na ile ya kabla yake. Ikitokea umezifunga zote na bado unalia, basi si wa bomba lako. Umesafiri ardhini kutoka mtaa wa pili. Hapo mnakusanya vifaa, mnasema "mluzi wa jirani", mnamwachia mwenye mtaa wake. Neno hilo lilitoka kwenye mabomba likaingia katika kila kitu. Mkubwa akigomba kwa jambo lisilokuhusu, mluzi wa jirani. Mke wa mwenzako akinuna, mluzi wa jirani, kunywa chai yako twende.

Alipostaafu hakujua kustaafu. Wenzake walimuaga kwa saa ya ukutani. Kabla ya wiki kwisha alikwisha ifungua kwa sababu, alidai, mapigo yake yalikuwa yanachechemea. Alikaza mabomba yote ya nyumba, ambayo hayakuwa yamelegea. Akaanza kumfuata mkewe jikoni kumwonyesha namna bora ya kufunga bomba la sinki, mpaka mkewe akamwambia kwa upole kwamba jikoni mle mkuu yupo na nafasi haijatangazwa.

Kilichomwokoa, na kilichomwokoa mkewe zaidi, ni redio ya fundi cherehani wa nyumba ya pili, iliyokuwa imekaa bubu juu ya rafu ya vitambaa. Sikio aliichukua aichokonoe tu. Ndani yake akakuta kitu alichokijua: njia. Umeme unaingia huku, unachujwa pale, unakuzwa kule, unatoka ukiwa sauti, na mahali fulani katikati pamekatika. Akafunga, akasikiliza, akafunga tena. Redio ikaongea. Fundi cherehani, ambaye huongea na pini mdomoni na hajawahi kumeza hata moja, aliueleza muujiza huo kwa kila aliyekuja kupimwa suruali, na baada ya hapo mashine zilijileta zenyewe.

Chumba walichokuwa wakilala watoto, ambao sasa wana nyumba zao, kikajaa redio za mbao, mashine za kanda za vigurudumu viwili, sahani za santuri na spika zilizovuliwa nguo. Mezani palikuwa na chuma cha kulehemu, bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa, mswaki wa kusugulia swichi zenye kutu, na kopo la kapasita, vile vidude vidogo vya kutunza chaji ambavyo kwenye mashine za zamani hukauka kwa umri na kuleta karibu maradhi yote. Harufu ya risasi iliyoyeyuka iliingia hadi kwenye mapazia. Mkewe alitoa sharti moja: hakitavuka kizingiti cha chumba kile kuja sebuleni kitu ambacho si kizima.

Naye mkewe hakuwa mtu wa kuchezewa kwa mambo ya sauti. Yeye maisha yake ya kazi aliyamaliza kwenye ubao wa simu wa hospitali, akichomeka waya na kuchomoa, na kabla mtu hajasema shida yake alikwisha jua nani ana mgonjwa, nani ana msiba, na nani anamtafuta nesi kwa mambo yasiyohusu tiba. Kwa hiyo mle ndani mlikuwa na wataalamu wawili wa kusikia. Waliweza kubishana jioni nzima kama friji imebadilisha mngurumo au haijabadilisha.

Radiogramu ilipona upesi kuliko alivyotegemea. Alitoa kiota cha panya, akabadilisha waya zilizotafunwa, akaweka kapasita mpya na mkanda mpya wa mpira wa kuzungushia sahani. Mchana mmoja aliiwasha, akasubiri taa zake za ndani, zile chupa ndogo za kioo zinazokuza sauti, zipate moto, akaweka santuri. Chumba kikajaa sauti nene, ya polepole kidogo, kama mtu mnene anayeingia mlangoni kwa heshima. Mkewe aliacha alichokuwa akifanya, akaja kusimama kwenye kizingiti alichokitungia sheria mwenyewe. Alisema neno moja tu, "Baba," akasikiliza mpaka santuri ikafika mwisho.

Kwa mtu mwingine, hapo kazi ilikuwa imekwisha. Sindano ilipoinuka, Sikio aliinua kidole.

"Unausikia?"

"Nini?"

"Mluzi."

Mkewe alitega sikio. Alisikia cherehani ya jirani, ndege, na tumbo lake mwenyewe. Akasema hasikii kitu.

"Masikio yako yamestaafu, mama."

"Yangu yalistaafu na cheti," mkewe alisema. "Yako yalipewa saa ya ukutani."

Walicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kuhusu jambo hilo.

Alianza na utaratibu wake. Alizima sehemu moja ya mashine, akasikiliza. Akazima inayofuata, akasikiliza. Mluzi ulikuwapo, mwembamba, wa juu, kama mafuta yanayoanza kushika moto kikaangoni. Alizibadilisha kapasita mpya kwa nyingine mpya zaidi. Alisugua swichi ambazo alikwisha zisugua. Aliazima taa za kioo kutoka redio nyingine, akaziweka, akazitoa, akazirudisha zile za kwanza. Akamwita mkewe asikilize, mkewe hakusikia. Akamwita fundi cherehani, akaja na futi yake shingoni, akainamisha kichwa kwa adabu zote, akasema yeye anasikia raha tupu.

Mtu wa kazi nyingine angeanza kujishuku hapo. Lakini Sikio alikuwa ameishi maisha yake yote akisikia kitu ambacho waliomzunguka hawakisikii. Wachimbaji walisimama juu ya mto mzima wakaapa pakavu, yeye akachora msalaba, maji yakatoka. Kwake, watu kusema hawasikii haikuwa dalili ya kwamba hakuna kitu. Ilikuwa dalili kwamba kipo na kimekaa ndani. Kila aliyetikisa kichwa alimwongezea nguvu.

Alipoona amefunga koki zote mluzi unaendelea, akakumbuka neno la idarani. Ni wa jirani. Umeme hauna ukuta. Mashine ya nyumba ya pili inaweza kuchafua waya za nyumba hii. Akavaa viatu.

Fundi cherehani alikuwa na wateja wawili kwenye benchi na gauni nusu chini ya sindano. Sikio alimwomba azime cherehani, pasi, feni na friji, kwa muda mfupi tu, kwa ajili ya uchunguzi.

"Jirani, friji ina nyama ya mama watoto."

"Haitaharibika kwa muda mfupi."

"Nyama siiogopi," fundi alisema, pini zikicheza mdomoni. "Namwogopa mwenyewe."

Hata hivyo alizima swichi kuu. Feni ikasimama, wateja wakaanza kujipepea kwa mikono. Sikio alikwenda kwake karibu mbio, akainama kwenye radiogramu, akarudi uso umemshuka. Akasema washa. Fundi akauliza kama ameupata. Akasema bado.

"Basi kamzimie na huyo wa upande wa pili," fundi alisema. "Ukimaliza mtaa, uende ukawaombe na wa mitambo ya umeme. Waambie umetumwa na mimi."

Wateja wakaangua kicheko. Sikio naye alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole na hataki kuonyesha.

Alhamisi ilifika. Shemeji alikuwa aje na gari siku ya pili yake kuichukua mali yake. Mkewe alimshauri aiache kama ilivyo, kwamba hata kama huo mluzi upo, ndugu zake watakuwa wanaongea wote kwa pamoja, kama kawaida yao, na hakuna atakayesikia hata mvua. Sikio alisema hawezi kutoa kazi inayovuja. Alipeleka magurudumu dirishani, akayarudisha. Imebaki koki moja, aliwaza. Spika.

Spika ilikuwa imefungwa kwa skurubu ambazo hazijaguswa tangu kiwandani. Tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeshikana na mbao kwa kutu, na Sikio, aliyewahi kusubiri mchana kutwa pembeni ya koki moja ili isikatike, safari hii hakusubiri. Aliegemea. Bisibisi ikateleza, ikapita kwenye koni ya spika, ile karatasi nyeusi inayotikisika na kutoa sauti. Ilichanika kwa mlio mdogo, mkavu, kama bahasha inayofunguliwa.

Alibaki ameishika bisibisi hewani. Kisha, kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya kitu kingine, ilimaliza kazi: ikaitoa ile skurubu, ikakata waya mbili, ikaivuta spika nje. Akaketi nayo mapajani. Radiogramu ilikuwa mbele yake na tundu la duara kifuani, haina spika, haina pa kutolea sauti hata ingetaka.

Na mluzi ulikuwa ukilia.

Alichomoa plagi ukutani. Ukalia. Alitoka uani, akasimama kati ya kamba za nguo. Hata uani mluzi ulikuwapo. Alitia vidole masikioni, ukapanda juu. Alivitoa vidole, akavitazama, akavitia tena. Kwa utaratibu ule ule aliofundishwa na aliowafundisha wengine, alikuwa amefunga koki zote duniani, na imebaki moja tu isiyofungika.

Kilichomwingia hakikuwa huzuni. Ilikuwa hofu. Shemeji anakuja kesho, na ameichana radiogramu ya baba mkwe kwa kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili hakulitaja hata moyoni kwa maneno kamili. Jina lake lote, la kazini na la mtaani, lilikuwa neno moja, na neno lenyewe ndilo linalovuja.

Aligundua kwa bahati, aliponawa mikono, kwamba maji yakitiririka mluzi unajificha nyuma yake. Alifungua bomba la bafuni, akasimama pale na taulo begani, akijitia hamnazo. Akafunga, ukarudi. Akafungua. Mkewe alipita kwenye korido, akasikia maji, akaendelea na safari yake. Baada ya muda akasikia maji jikoni, akaenda kumkuta mumewe ameegemea sinki anatazama nje. Mtu huyu aliwahi kukatisha harusi ya watu kwenda kukaza bomba la ukumbini. Mkewe alinyoosha mkono, akafunga bomba.

Jioni shemeji alipiga simu. Sikio aliipokea amesimama, akawa anazunguka meza. Alimwambia shemeji kwamba mambo yanakwenda vizuri, ila kuna kifaa fulani anakisubiri, pengine Jumamosi itakuwa mapema mno, pengine wiki ijayo. Akatuma na salamu nyingi kwa wote. Alipoweka simu chini, mkewe alikuwa amemkazia macho.

"Mtu anayesubiri kifaa hukitaja jina," alisema. "Wewe jana tu umenieleza kapasita mpaka chai ikapoa. Leo ni kifaa fulani."

Sikio aliisukuma simu katikati ya meza.

"Na umefungua bomba mara ngapi leo, baba? Na hujaoga."

Alitoka. Mkewe alisikia mlango wa chumba cha nyuma, akasubiri magurudumu, hayakuja. Kilichokuja ni mlio wa chuma kikigonga ukuta. Sikio alirudi sebuleni ameshika ile fimbo yake ya idarani, ambayo hakuirudisha siku ya kustaafu na hakuna aliyethubutu kumdai. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya mkewe. Ncha ya chuma aliiweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio lake, na kikombe cha mbao akampelekea yeye.

"Sikiliza."

Mkewe aliitazama fimbo, kisha akautazama uso wa mwenye fimbo. Akakichukua kikombe, akakiweka sikioni, akafumba macho kama alivyozoea zamani laini ikiwa mbaya.

"Unasikia nini?"

"Moyo wako. Unakwenda mbio."

"Kingine."

"Unameza mate."

"Mluzi?"

Mkewe alikaa muda mrefu. Aliisogeza fimbo kidogo, akasikiliza upande wa pili, akairudisha. Alitaka kuwa na hakika.

"Hakuna mluzi," alisema.

Sikio akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea majibu ambayo alikwisha yasoma mlangoni. "Mimi nausikia. Hapa tunavyoongea, nausikia. Nimechomoa plagi nikausikia. Nimeing'oa spika nikausikia."

"Tangu lini?"

"Nilidhani ni radiogramu."

Mkewe aliishusha fimbo mapajani. Aliushika mkono wa mumewe, akaubinya, na walikaa hivyo mpaka sehemu ya pili ya maneno ilipomfikia.

"Umesema umeing'oa spika?"

Alimpeleka akamwonyesha. Mkewe alisimama kizingitini. Aliona tundu kwenye kabati la baba yake, akaiona spika juu ya meza na mpasuko mrefu kama kidole. Hakupaza sauti; watu wa ubao wa simu hawapazi. Alisema tu kwamba baba yake aliifuta radiogramu ile kwa mkono wake kila Jumapili, hakumruhusu mtu hata kuweka glasi juu yake, na sasa imetobolewa na mtu anayetafuta kitu kilichomo kichwani mwake mwenyewe. Aliposikia alichosema, alifumba midomo. Lakini lilikuwa limetoka, na lilikuwa kweli.

Sikio alimwomba ampigie dada yake, amweleze kwa namna yao.

"Laini nitakuunganishia," mkewe alisema. "Kuongea utaongea mwenyewe."

Alibonyeza namba, akamkabidhi simu, akabaki pale pale asikilize. Sikio alimwambia shemeji kwamba hakuna kifaa kinachosubiriwa. Bisibisi iliteleza, spika imechanika, na iliteleza kwa sababu alikuwa na haraka ya kuukamata mluzi. Kisha shemeji akauliza kama inashoneka. Sikio akasema spika haishonwi, huzibwa. Shemeji akasema yeye hajui tofauti, ila kesho mchana anakuja na gari, na kama ni bubu ataichukua ikiwa bubu na ataeleza mwenyewe kwa ndugu zake ni nani aliyeikata ulimi.

Ijumaa asubuhi kazi ilihitaji karatasi nyepesi sana, nyepesi kuliko zote zilizokuwa mle ndani. Mkewe alivuka kwenda kwa fundi cherehani, ambaye alipomwona tu aliuliza leo azime nini. Alirudi na karatasi laini ya kukatia mitindo. Sikio aliichana kwa vidole, hakuikata kwa mkasi, maana ukingo uliochanika hushika vizuri kuliko uliokatwa. Aliloweka vipande kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, akavilaza juu ya mpasuko kimoja baada ya kingine, mbele na nyuma, akivisawazisha kwa ncha ya mswaki. Mikono yake, ambayo wiki nzima ilikuwa haina adabu, ilitulia kwa kazi hiyo. Kisha ikabidi isubiri gundi ikauke, na hapo ikaharibikiwa tena. Aligusa. Alipuliza. Aliisogeza spika karibu na jua, akaiondoa juani. Mkewe akaja akakalia kile kiti cha magurudumu, akakisogeza kati ya mumewe na meza.

"Nenda kafungue bomba," alimwambia. "Lifungue tu."

Alikwenda akafungua. Mkewe aliyasikia maji yakitiririka na hakuinuka.

Ilipokauka, Sikio aliirudisha spika mahali pake, akalehemu waya, akaiwasha radiogramu. Sauti ilitoka. Yeye alisimama ukutani, mkewe ameketi mbele ya kitambaa cha dhahabu, viganja magotini. Kwa sikio la Sikio sauti ilikuwa nzuri, na juu yake ulikuwepo mluzi, kama siku zote. Hakuwa na namna ya kujua ni nini kilicho cha mashine na nini ni chake. Alimtazama mkewe usoni, kama wachimbaji walivyokuwa wakimtazama yeye.

"Kuna kitu kinatetemeka," mkewe alisema. "Sauti ikishuka chini. Kama nzi kwenye kibiriti."

Hakukisikia. Alirudisha santuri nyuma, akainama, akafumba macho. Hakukisikia.

"Una hakika?"

Mkewe hakugeuka. "Chora msalaba hapo."

Alizima, akafungua, akaongeza kipande kidogo cha karatasi pembeni mwa mpasuko, mahali ambapo kwa macho hapakuwa na tatizo lolote. Wakasubiri tena. Wakawasha tena. Santuri ilipanda, ikashuka, ikafika kwenye ile sehemu ya chini.

"Sasa?"

"Sasa hakuna."

Hapo ndipo penye kazi. Alitaka kufungua tena, aangalie, abadilishe kitu, kwa sababu yeye hakuwa amesikia ugonjwa na sasa hakusikia kupona. Mkono ulikwisha ifikia bisibisi. Mkewe aliuona.

"Funga," alisema.

Alikaa akiishika bisibisi. Maisha yake yote watu walichimba kwa neno lake, bila ushahidi mwingine, wakibishana na wakichimba. Aliirudisha bisibisi kwenye safu yake, kati ya kubwa na ndogo, akateremsha kifuniko.

Shemeji alifika na gari na wapagazi wawili. Ni mwanamke mrefu, mwenye kusimama kama aliyeitwa kutoa ushahidi, na hakuketi. Aliomba isikike. Ikasikika. Aliisikiliza santuri nzima bila kugusa chai, na ilipokwisha alitia kidole nyuma ya kitambaa, akapapasa mahali palipozibwa, akakitoa kidole.

"Na ule mluzi wako uliokuwa unatunyima usingizi, shemeji? Umekwisha?"

"Haujaisha," Sikio alisema. "Ila haumo humo."

"Basi uko wapi? Kwa jirani?"

Mkewe alikuwa anapanga vikombe. Alivipanga polepole, akamwachia mumewe ajibu mwenyewe.

"Wangu," Sikio alisema, akagusa upande wa kichwa chake. "Uko huku. Mdogo wako aliniambia hasikii kitu, mimi nikamwambia masikio yake yamestaafu."

Shemeji alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama yeye. Alisema kwamba kwa miaka yote amekuwa akiwaambia watu mume wa mdogo wake anasikia hata visivyokuwepo, na sasa ameona hakuwa akitia chumvi. Kisha akaketi, akachukua kikombe, akauliza kama wamekwenda kuonana na daktari. Mkewe Sikio akasema amekwisha piga simu kwenye ubao wake wa zamani. Aliyepokea hamjui, lakini alimuunganisha vizuri, na miadi ni Jumatatu. Sikio hakuwa na habari ya miadi hiyo. Aliinuka akaenda kuwaelekeza wapagazi namna ya kubeba, ingawa walikwisha ibeba na walikuwa wanaijua kazi yao. Aliwafuata hadi kwenye gari, akakaza kamba waliyokwisha ikaza.

Gari liliondoka. Mkewe alikusanya vikombe. Kutoka chumba cha nyuma magurudumu yalikwenda dirishani, yakarudi, yakaenda tena, yakasimama. Mlango ukafunguka, hatua zikapita kwenye korido, na bomba la bafuni likaanza kutiririka. Aliyaacha maji yaende kidogo kabla ya kwenda kulifunga.